Misumari Mdomoni

3 Novemba

Daftari hili nimepewa na mkwe wangu. Alisema, "Baba, mchana ukikosa wa kugombana naye, gombana na hili." Mwanamke huyo ana ulimi. Nimelichukua hata hivyo, maana tangu tufike nchi hii mwanangu huenda ghalani kupakia mizigo, mkewe huenda kufua mashuka ya hospitali, na mimi hubaki na kuta.

Mimi si mtu wa kalamu. Kusoma nilijifunza kwenye maandishi ya marobota ya vitambaa, na kuandika nilijifunza kwa kuandika majina ya wateja chini ya makochi yao. Lakini fundi wa makochi kama mimi hakuna. Wenye magari walinifuata na magari yao, wasio nayo walinifuata kwa miguu. Nimepita sabini na meno yangu yote ninayo, hata moja halijatikisika. Nayaandika hayo mwanzo ili atakayesoma ajue anasoma habari za nani.

Karakana yangu niliiuza, pamoja na chumba cha nyuma nilichokuwa nalala. Ndiyo nauli ya watu watatu ikapatikana. Kwa hiyo wanaposema mwanangu kanileta huku, nacheka. Nani kamleta nani.

6 Novemba

Baridi.

8 Novemba

Leo nimeijua mita. Iko ukutani karibu na mlango, ina taa nyekundu. Ukiwasha hita iliyo chini ya dirisha, taa inapepesa mbiombio kama jicho lililoingiwa na kidudu. Ukizima, inapepesa taratibu. Haiachi kabisa. Mkwe amenieleza kwamba kila inapopepesa, tunalipa.

"Hata tukilala?"

"Hata tukilala, Baba."

"Hata tukitoka wote?"

"Tukitoka friji inabaki nyumbani."

Nimesogeza kiti nikakaa mbele yake. Siogopi. Naitazama tu, ijue kwamba kuna mtu.

12 Novemba

Dukani na mkwe. Nilitia kwenye kikapu pakiti ya nyama. Akaitoa. Nikairudisha. Akaitoa tena bila kunitazama, kama mtu anavyomtoa mtoto kwenye tope.

"Hiyo ni joto la siku mbili, Baba."

Ndivyo anavyohesabu siku hizi. Mkate ni joto la asubuhi. Sabuni ni joto la kuogea. Nilitaka kofia ya masikio, akasema hiyo sawa, hiyo inarudisha joto. Nimempa jina la Waziri wa Fedha. Jioni nikamwambia mwanangu, mkeo bahili. Mwanangu hana maneno mengi, alizaliwa hivyo. Akasema, "Kula, Baba."

Halafu huyo Waziri hutoka alfajiri kabla sijaamka, kazi yenyewe haijafika saa yake. Nadhani ananikimbia mimi.

13 Novemba

Baridi. Mita inapepesa.

19 Novemba

Leo tulikwenda ofisi ya wageni kwa ajili ya kibali changu, ambacho kinakwisha mwezi wa tatu. Njiani mkwe alinishika mkono.

"Baba, ukiulizwa, sema wewe ni mtegemezi wa mwanao. Basi. Usiongeze chumvi."

"Mtegemezi ndiyo nani?"

"Ni neno tu la ofisini."

Neno tu. Mimi masikioni mwangu mtegemezi ni mlevi aliyeegemea ukuta wa mtu.

Afisa ni mama wa miwani. Pembeni yake alikaa mkalimani, kijana mwenye Kiswahili cha taarifa ya habari. Mwanangu na mkewe wakakaa nyuma yangu. Nikavaa koti langu la kazi za heshima na nikanyoosha mgongo.

Mkalimani akasema, "Mzee, anauliza, je, unamtegemea mwanao kwa mahitaji yako ya kila siku?"

Hapo damu ikanichemka. Mbele ya mwanangu. Mbele ya mkewe.

"Mwambie hivi. Tegemeo ni mimi. Nauli iliyotufikisha mbele yake ni karakana yangu. Huyu kijana bila mimi angekuwa anatafuta viatu mpaka leo."

Mwanangu akakohoa. Mkalimani akatafsiri. Afisa akaandika.

"Anauliza, basi unaweza kujitunza mwenyewe?"

"Muulize yeye kama anakaa vizuri. Spiringi ya kushoto ya kiti chake imekatika, naisikia kila akihema. Anipe leo, kesho namrudishia kipya. Mikono hii haijastaafu."

Afisa akacheka kidogo akaandika tena, sana. Nikafurahi. Nilidhani mtu akiandika habari zako sana ni kwa sababu zimemvutia.

Tukarudi nyumbani. Mlangoni mkwe alivua viatu polepole.

"Baba, umempa kila alichotaka."

"Si nimesema ukweli?"

"Wote," akasema. "Hukumbakizia hata kidogo."

21 Novemba

Nimemuuliza mwanangu kama nilikosea. Akasema, "Tungoje." Sipendi neno hilo.

4 Desemba

Barua imekuja. Mwanangu aliisoma akiwa amesimama, kofia ya kazini bado kichwani. Akafika mwisho akarudia mwanzo. Mkewe akaichukua mkononi mwake akanieleza kwa maneno ya kwetu.

Wanasema mimi si mtegemezi, na aliyesema hivyo ni mimi mwenyewe. Wataniita mara ya pili mwezi wa pili. Siku hiyo nisipoonyesha kwamba namtegemea mwanangu, na mwanangu naye asipoonyesha kwamba kinachobaki baada ya kodi ya nyumba kinatosha watu watatu, kibali kikiisha niondoke.

"Niende wapi?" nikasema. Nilitaka kuuliza kwa ukali, sauti ikatoka nyembamba. Karakana yangu sasa wanauza simu. Chumba changu cha nyuma wanaweka maboksi.

"Ukirudishwa tunarudi wote," mwanangu akasema.

"Kwa nauli ipi?" mkewe akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

Siogopi. Lakini leo sikuweza kumaliza chakula, na mimi si mtu wa kubakiza.

5 Desemba

Kila hatua inayopanda ngazi nadhani ni wao.

10 Desemba

Mwenye nyumba, anayekaa chini yetu, amepanda kugonga mlango. Mtu mfupi, anabeba funguo nyingi, zinalia kabla hajafika. Akaongea na mkwe mlangoni. Sikuelewa neno, lakini nilielewa mgongo wa mkwe, jinsi ulivyoshuka. Kodi inapanda mwaka ukianza.

"Hiyo ni joto la mwezi mzima," akamwambia mumewe. Kisha akasema lile nililoliogopa: kodi ikipanda, kinachobaki hakifikii kiasi wanachotaka wale wa ofisi ya wageni. Hata nikijiita mtegemezi mara mia, hesabu itakataa.

Mwanangu akauliza kama anaweza kuongezewa zamu ghalani. Mikono yake imepasuka kama udongo uliokosa mvua. Mimi kwa watu nilikuwa nasema ni bosi wa ghala. Hakuna bosi mwenye mikono hiyo.

11 Desemba

Nimezima hita mchana kutwa. Nimekaa na blanketi na koti na kofia. Mkwe alivyorudi akaniwashia. Alipokwenda jikoni nikazima. Akarudi akawasha. "Ukiugua, Baba, hiyo ni joto la mwaka."

15 Desemba

Sasa niandike jambo ambalo sijamwambia mtu.

Jirani wa mlango wa pili ni bibi kizee, anaishi peke yake. Leo mlango wake ulikuwa wazi nikaona kiti chake. Tumbo la kiti limeshuka mpaka sakafuni, mikanda imeoza. Nikamwonyesha kwa mikono: nipe, nitengeneze. Akanionyesha kwa vidole: kwa kiasi gani? Tukakubaliana bila neno hata moja, na sijawahi kupatana na mteja vizuri hivyo.

Kwenye kibali changu imeandikwa nisifanye kazi ya malipo. Mwanangu alinisomea siku ya kwanza. Ukikamatwa hawangojei mwezi wa tatu. Najua. Lakini nyundo yangu nilikuja nayo, imefungwa ndani ya shati, pamoja na kopo la misumari midogo. Nani anayeacha nyundo.

17 Desemba

Nimetoa mikanda mibovu yote. Mtu wa mwanzo aliyekitengeneza alikuwa mvivu, aliruka kona.

Katika kazi yetu mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine una nyundo, kwa hiyo misumari inakaa mdomoni. Ndivyo tulivyofundishwa. Naiweka shavu la kushoto, ulimi unaigeuza na kuitoa mmoja mmoja, kichwa mbele, nyundo ina sumaku inaupokea. Marehemu mke wangu alikuwa akisema hiyo ndiyo saa yake ya kupumzika, maana nikiwa na misumari mdomoni siwezi kusema.

Napiga nyundo huku nasikiliza ngazi. Hatua zikipanda, nasimamisha. Zikipita, naendelea. Moyo wangu umechoka kuliko mkono.

20 Desemba

Bibi amelipa. Nimeziweka hela katika kopo la maziwa ya unga ambamo mkwe huweka za matumizi, katikati ya zake, sikuziweka juu. Jana aliniletea kiti kingine, cha dada yake.

2 Januari

Theluji. Nilidhani itakuwa na sauti.

9 Januari

Nusura nikamatwe.

Leo mkwe alikuwa nyumbani amelala, zamu yake ilikuwa ya usiku. Mimi nikafunga mlango wa sebule nikaendelea na kiti cha dada wa bibi. Nikajisahau. Kitambaa kilikuwa kinakubali vizuri, mkono ukashika mwendo, nikawa napiga kama niko karakana. Sikuzisikia funguo. Nilichosikia ni mlango kugongwa, na sauti ya mwenye nyumba.

Nikasimama. Nyundo mkononi, mdomo umejaa misumari, kiti cha mtu katikati ya sebule. Nikataka kuitema nikashindwa, ulimi umekufa. Akagonga tena.

Mkwe akatoka chumbani, nywele hazijafungwa, alama ya mto usoni. Akanitazama. Akatazama kiti. Akaja akaninyang'anya nyundo mkononi, akaenda akafungua mlango nayo.

Mwenye nyumba akasema mengi huku ananionyesha mimi. Mkwe akajipiga kifua kwa kiganja, mimi, mimi, akakionyesha kiti, akainua nyundo. Akacheka hata. Yule mtu akanigeukia akanisalimu, nadhani alitaka kuona nitajibu nini. Mimi nikatikisa kichwa na mashavu yangu yamejaa. Akanitazama kwa huruma, akadhani ni bubu. Mimi, bubu.

Mlango ulipofungwa nikatema misumari mkononi.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba ni mimi, natengeneza kiti changu." Akanirudishia nyundo. "Malizia kabla ya saa kumi, Baba. Saa kumi hurudi kukagua ngazi."

"Kwani ulijua?"

"Tangu hela za kopo zianze kuzaa."

Akarudi kulala. Sikuweza kupiga hata msumari mmoja zaidi. Mwanamke yule naye anaishi kwa kibali, wangeweza kumfukuza kwa kunificha. Na hakuwa hata amefunga nywele.

11 Januari

Nimekirudisha kiti cha dada wa bibi bila kumaliza mgongo wake. Kazi ya kwanza maishani kuirudisha hivyo. Nyundo nimeirudisha kwenye shati.

18 Januari

Leo nimeamka alfajiri kwa baridi, nikaenda dirishani. Chini kulikuwa na mtu anasukuma theluji kwa sepetu kutoka mlangoni hadi barabarani. Amevaa koti refu kuliko yeye. Nikasema, kumbe mwenye nyumba ana kibarua. Kibarua mzuri, anafuata ukingo, haachi.

Akasimama kunyoosha mgongo. Nikaujua ule mgongo.

Nikabaki pale mpaka alipomaliza. Kisha akachukua ndoo akaingia, nikasikia ufagio na maji vinapanda ngazi, ghorofa kwa ghorofa, hadi mlangoni petu. Akaingia, akakuta nimekaa mezani.

"Mbona umeamka, Baba?"

"Tangu lini?"

Akajua nauliza nini. "Ngazi tangu mwezi wa kumi na moja, kwa hela ndogo. Theluji tangu mwaka uanze. Tumekubaliana naye, nisafishe vyote, na kodi isipande. Mpaka uitwe mara ya pili tu. Baadaye tutaona."

"Mumeo anajua?"

"Koti ni lake."

Nilikuwa nimesema ananikimbia. Nilimwambia mwanangu, mkeo bahili. Nilipobaki peke yangu nikalichukua lile koti, nikafumua bitana yake, nikaingiza sponji nyembamba iliyobaki kwenye kiti, mgongoni na mabegani, nikashona kwa sindano ya kupinda. Hiyo si kazi ya malipo.

19 Januari

Amelivaa. Alisimama kidogo mlangoni akajigusa mabega. Akatoka.

2 Februari

Barua ya siku imekuja. Tarehe kumi na mbili. Najizoeza kusema neno lile. Naliandika hapa: mtegemezi. Mtegemezi. Kila nikifika katikati naanza upya.

10 Februari

Naogopa. Nimeandika mara nyingi kwamba siogopi, basi na hili niliandike. Siogopi ndege wala kulala kwenye maboksi ya simu. Naogopa ulimi wangu. Najijua. Mtu akiniuliza kama naweza, nasema naweza kabla hajamaliza.

12 Februari

Asubuhi mkwe alinifunga vifungo vya koti, jambo ambalo mwezi wa kumi na moja nisingekubali.

"Baba, nakuomba kitu kimoja. Leo jifanye una misumari mdomoni."

Nikamjibu sawa. Aliposhuka kumngoja mumewe, nikafungua lile shati la nyundo, nikafungua kopo, nikachukua msumari mmoja, nikautia shavu la kushoto. Kujifanya sikukuamini.

Afisa yuleyule, mkalimani yuleyule, spiringi ileile. Mama yule alipokaa niliisikia ikilia. Maneno yakaja mpaka kwenye meno. Nikauma msumari yakarudi.

"Mzee, anauliza tena: je, unamtegemea mwanao?"

"Ndiyo."

Mkalimani akangoja niendelee. Alinizoea vingine.

"Anasema, mara ya kwanza ulisema wewe ndiye tegemeo."

Hapo, mungu wangu, hapo. Karakana yote ilikuja mdomoni, na wateja, na magari yao. Nikauma. Ncha ikaingia mahali, nikasikia chumvi.

"Nilijisifu," nikasema. "Ni tabia."

Akaandika. Akasoma karatasi za mwanangu, mshahara, kodi ambayo haijapanda, mshahara wa mkwe, ngazi, theluji. Akatumia mashine ya hesabu. Kidole chake kikigonga, mimi nikahema. Kisha akainua macho, akayaweka usoni mwangu na kuyaacha hapo. Akamwambia kitu mkalimani.

"Mzee, anauliza, hiyo mdomoni ni damu?"

Nikagusa mdomo. Kidole kikawa chekundu. Akisema nifungue mdomo, ataona msumari wa kochi, na mtu asiyefanya kazi hana sababu ya kuwa na msumari wa kochi shavuni. Nikafikiria kuumeza. Niliusogeza kabisa hadi kwenye mzizi wa ulimi.

"Ni fizi," mkwe akasema nyuma yangu, taratibu, kama anasema bei. "Meno ya mzee ni mabovu, yanacheza yote. Tunamlainishia chakula. Hela ya daktari wa meno tumeshaitenga, anakwenda mwezi ujao."

Mkalimani akatafsiri. Wote wakanitazama mdomo. Meno yangu. Meno ambayo hakuna, hata mke wangu siku tulizogombana sana, aliyewahi kuyasema vibaya.

"Ndivyo, mzee?"

"Ndivyo," nikasema. "Yamekwisha."

Yule mama akanisogezea karatasi laini ya kujipangusa. Akauliza swali la mwisho, na mkalimani akaliuliza kwa sauti ya chini kuliko mengine.

"Nani anakutunza, mzee?"

Karatasi zote zilisema mwanangu. Mimi nikageuka nikamnyooshea kidole mkewe, na koti lake lenye mabega ya sponji.

"Huyu. Namtegemea huyu. Bila yeye sina pa kulala."

Habari ya meno ilikuwa uongo. Hii nyingine haikuwa. Nilishangaa jinsi ilivyopita kooni, msumari ndio ulikuwa na tabu.

Nje, karibu na ukuta, nikautema kiganjani. Mkwe akauona.

"Baba. Mimi nilisema ujifanye."

"Nawe ulisema meno yangu mabovu."

Mwanangu, asiye na maneno, akageuka upande akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha nikaona hacheki tena, mabega tu yanatikisika, na mkewe akamwekea mkono. Tukakaa pale baridini muda, watu wanapita.

13 Februari

Tunangoja. Ngazi. Kila hatua.

20 Februari

Mita inapepesa. Tunangoja.

9 Machi

Kadi imekuja. Ina picha yangu, nimebana mdomo. Chini yake kuna neno la kwao, mkwe amenisomea: mtegemezi. Ni ya mwaka mmoja. Mwakani wataniita tena, watahesabu tena. Na mwenye nyumba amekwisha kusema theluji inakwisha, kwa hiyo na yale makubaliano ya kodi yanakwisha. Kwa hiyo hofu ipo palepale, tumeibadilishia kiti tu.

15 Machi

Bibi jirani amerudi na kile kiti cha dada yake. Mgongo. Nikamwonyesha mikono mitupu, siwezi. Mkwe akatokea nyuma yangu.

"Kibali changu kinaruhusu kazi yoyote," akasema. "Nifundishe."

"Hii si kufua mashuka."

"Baba. Kaa."

Nimekaa. Sifanyi kazi mimi, nanyoosha kidole. Nimemwonyesha pa kuanzia, jinsi ya kuvuta na kuuacha mkono upumue. Anavuta kama mtu anayegombana na kitambaa, lakini haruki kona. Nikamwambia misumari ikae shavu la kushoto, ulimi uitoe mmoja mmoja, kichwa mbele. Ya kwanza ilimwangukia mapajani. Sasa haianguki.

Alivyojaza mdomo nyumba ikawa kimya, na nikaona kwamba anayeweza kusema ni mimi peke yangu, na sina la kusema.

Hatua zikasikika, zinapanda ngazi. Funguo. Nikashika mikono ya kiti changu. Zikafika kwenye mlango wetu, zikasimama.

Mkwe hakuinua kichwa. Akatoa msumari mwingine kwa ulimi, akapiga.